Viatu vya peku vya kukimbilia: tuongelee kwanza kinavyokaa mguuni

PekuWaKawe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila raba za soli nyembamba zinapotajwa kwenye makundi ya mbio, mjadala unakimbilia pale pale: zinaponya magoti au zinavunja miguu? Naomba leo tuanzie kwingine, kwenye namna kiatu chenyewe kinavyokaa mguuni. Nimevaa viatu vya aina hii kwa muda mrefu, vya kufunga kamba na vile vya vidole (kila kidole na chumba chake), na nimewasindikiza wengi kwenda kuvinunua. Wengi wanaoviacha hawashindwi na wembamba wa soli. Walichukua namba ile ile wanayovaa kwenye raba za kawaida, kikawabana mbele au kikawapwaya nyuma, wakaamini viatu vya peku ndivyo vilivyo.

Kwa asiyevijua: soli ni ya milimita chache, kisigino na mbele viko usawa mmoja, mbele ni papana, na unaweza kukikunja kiatu kizima kwa mkono mmoja. Raba nyingi za kawaida zimeinuliwa kisigino milimita 8 hadi 12 kupita mbele. Mwaka 2015 watafiti wa nchi mbalimbali walikubaliana vigezo vitano vya kupimia viatu hivi: uzito, unene wa soli, tofauti ya kimo kati ya kisigino na mbele, kunyumbulika, na kukosekana kwa vile vipande vigumu vinavyowekwa kuzuia mguu usilalie ndani. Upana wa mbele haumo kwenye orodha yao. Kwangu mimi ndio wa kwanza.

Sababu ni hii. Raba nene ina sponji, na mguu ukikaa vibaya sponji inaficha mengi. Soli ya milimita 4 haifichi kitu. Unapokanyaga, vidole vinatanuka ili vishike ardhi. Vikikuta ukuta, kidole kidogo kinachubuka, dole gumba linasukumwa kuelekea wenzake, na uzito wote unabaki kwenye vifupa vya katikati ya unyayo. Hapo ndipo mtu anapoanza kusema soli inaumiza.

Na sisi wengine tumekulia peku au kwenye ndala. Watafiti waliopima miguu ya watu wa kusini mwa India waliozoea kutembea bila viatu waliikuta mipana zaidi mbele kuliko ya wenzao waliozoea viatu. Mguu wa namna hiyo hauwezi kuingia kwa amani kwenye raba iliyochongoka.

Kupima: fanya jioni, ukiwa umeshinda unatembea, maana mguu wa jioni umevimba kidogo, na katikati ya mbio ndefu unakuwa hivyo hivyo. Weka karatasi sakafuni igusane na ukuta, kisigino nacho kiguse ukuta, simama uzito wote uwe juu ya mguu huo, halafu mtu mwingine akuchoree kalamu ikiwa wima. Ukijiinamia mwenyewe, unyayo unabadilika umbo. Pima urefu mpaka kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengi ni dole gumba, kwa wengine ni cha pili. Pima na upana pale palipo papana zaidi. Miguu yote miwili, kisha fuata ule mkubwa. Ongeza kama sentimita moja kwenye urefu. Ukizidisha sana, ncha ya soli nyembamba inajikunja chini na kukukwaza kwenye mzizi au ukingo wa barabara.

Kwa tunaonunua mitumba Karume, au Memorial pale Moshi, namba ya ndani mara nyingi imeshafutika, na hata ikisomeka kila kampuni ina umbo lake. Toa soli ya ndani, iweke chini, ikanyage. Kidole chochote kikitokeza nje ya ukingo, rudisha kiatu hata kama bei ni ya kutupwa. Kama soli ya ndani imegandishwa, kata ile karatasi uliyochora uiingize humo. Ikijikunja pembeni, umeshapata jibu.

Kamba zikaze juu ya mgongo wa mguu. Hapo ndipo kiatu kinapotakiwa kukushika, vidole viachwe huru. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, kaza hapo juu kwanza kabla hujafikiria kupunguza namba.

Vya vidole ni habari nyingine kabisa. Wazo lilikuwa la Robert Fliri, mwanafunzi wa usanifu kule Italia, na Vibram, kampuni inayojulikana kwa soli za viatu vya kupanda milima, ikavitoa sokoni katikati ya miaka ya 2000 kwa jina la FiveFingers. Humo hakuna kuongeza sentimita. Kila kidole kina chumba chake, na ncha ya kidole inatakiwa iguse mwisho wa chumba bila kujikunja. Mwenye kidole cha pili kirefu kuliko dole gumba, au kidole kidogo kifupi mno, ajaribu kwanza ndipo atoe hela. Kuongeza namba hakutamsaidia, kwa sababu vyumba vyote vinarefuka kwa pamoja.

Raha yake? Mguu hauchoki kwa joto la ndani kwa sababu kitambaa ni chepesi, na unajua umekanyaga nini: mchanga, nyasi, bati la mfereji. Nikiwa kwenye mchanga ulioshikana pale ufukwe wa Coco maji yakiwa yametoka, sitamani kiatu kingine chochote. Ila lami ya saa saba mchana Dar inapitisha joto mpaka unyayoni, na mbigili haina huruma kwa soli laini.

Muonekano nitausema kwa kifupi kisha niwaachie. Vya kamba ni vizuri, tena sana, kama soli na juu vina rangi moja: nyeusi yote, kahawia yote. Mbele pana panaonekana pa ajabu siku za mwanzo kwa sababu macho yamezoea ncha. Vya vidole watoto wa mtaani watakufuata wakicheka, na mimi navipenda hivyo hivyo. Mguu wa binadamu una vidole vitano, sioni aibu ya kiatu kuuonyesha.

Karibuni.


MamaJogingi

Asante kwa uzi kaka. Naongezea la kina mama. Viatu vingi vinavyouzwa kama vya kike vimefinywa mbele, hata hivyo vinavyojiita vya peku. Mimi nikaacha kuangalia sehemu ya kike kabisa, nachukua vya kiume vyenye urefu wangu. Rangi zao ni chache lakini vidole vyangu vimepona. Nina ile mifupa iliyochomoza pembeni ya dole gumba tangu enzi za kuvaa viatu vya kuchongoka kazini, na kwenye raba za kawaida ilikuwa inasuguliwa mpaka inakuwa nyekundu.

Swali langu: kwenye kiatu kipana kisigino changu kinaogelea, nina kisigino chembamba. Nikikaza kamba juu napata ganzi. Nifanyeje?


PekuWaKawe

Dada, angalia kile kitundu cha mwisho cha kamba kilicho karibu na kifundo cha mguu, kile ambacho wengi hawakitumii. Pitisha kamba upande ule ule itengeneze kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, kisha kamba ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, ndipo ufunge. Kisigino kitashikwa bila kubana mgongo wa mguu. Zile kamba za chini karibu na vidole zilegeze kabisa. Kama ganzi inaendelea, ruka kabisa vitundu viwili pale panapokuuma, kamba isipite juu yake.


KilomitaZaIten

Nawasalimu kutoka Eldoret. Hii mambo ya kusema Wakenya wanashinda kwa sababu ya kukimbia bila viatu nataka niiweke sawa, kwa sababu kila mzungu anayekuja Iten, mji wetu wa wakimbiaji, huuliza.

Ni kweli watoto huku wamekimbia miguu mitupu kwenda shule kwa vizazi, na ni kweli Daniel Lieberman wa chuo cha Harvard alikuja Bonde la Ufa, akapima vijana waliozoea kukimbia hivyo, na utafiti ukatoka mwaka 2010 kwenye jarida la Nature. Alipata kwamba wengi wao huangukia sehemu ya mbele ya mguu ama katikati, na ule mshtuko wa ghafla wa kisigino haupo. Lakini miaka mitatu baadaye watafiti wengine walipima Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya, ambao pia hukua bila viatu. Kwa mwendo wao wa kawaida wa mbio ndefu, asilimia 72 waliangukia kisigino. Kwa hivyo kukosa viatu peke yake hakukufundishi namna moja ya kukimbia. Mwendo, ardhi, na vile umezoea, zote ziko ndani.

Na wakimbiaji wetu wakubwa siku ya mashindano huvaa soli nene kuliko mtu yeyote. Shirikisho la riadha la dunia limeweka kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani kwa sababu soli zilikuwa zinazidi kupanda. Soli nyembamba huku ni ya mazoezi mepesi na ya kuimarisha mguu, na barabara zetu za udongo mwekundu ni laini. Mtu wa Nairobi ama Dar kwenye lami yuko na hesabu tofauti.

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16. Watu husahau kwamba mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, akiwa amevaa viatu, na alikuwa na kasi zaidi: 2:12:11.


PekuWaKawe

Mkuu wa Eldoret, nakubali kila neno. Na habari ya Bikila inaingia moja kwa moja kwenye mada yangu, maana inasimuliwa kwamba kule Roma viatu alivyopewa havikumkaa vizuri mguuni, na alishazoea kufanya mazoezi peku. Mtu mwenye mbio za namna ile aliona heri ngozi yake kuliko kiatu kinachombana. Hilo ndilo ninalolilia humu.


FizioMoro

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, naomba niingie kwenye raha na maumivu, kwa sababu naona mnapendezwa na vidole mnasahau nyuma ya mguu.

Ukishusha kisigino kutoka milimita 10 hadi sifuri, kano ya kisigino na shavu la mguu vinavutika zaidi katika kila hatua. Mtu aliyevaa raba za kisigino kilichoinuka maisha yake yote, misuli hiyo imezoea urefu fulani. Wiki ya kwanza anafurahia wepesi, anakimbia umbali wake wa kawaida, wiki ya tatu ananijia anachechemea.

Mwaka 2013 kulichapishwa utafiti wa Marekani ambao wakimbiaji wenye uzoefu walihamishiwa FiveFingers kwa wiki 10, wakapigwa picha za MRI kabla na baada. Kati ya 19 waliohamishwa, 10 walionekana na uvimbe ulioongezeka ndani ya mifupa ya miguu. Kwenye kundi lililobaki na raba za kawaida alikuwa mmoja tu. Uvimbe huo ndio mlango wa ufa wa mfupa. Hawa walikuwa wakimbiaji kabisa, siyo wanaoanza, na walipewa utaratibu wa kuhama taratibu.

Upande wa pili, mwaka 2021 chuo kikuu cha Liverpool kilitoa utafiti wa watu waliovaa viatu vya soli nyembamba kwa miezi sita katika shughuli za kila siku, bila habari ya mbio. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa zaidi ya asilimia 50. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wagonjwa wangu: vaa kwanza sokoni, kazini, nyumbani. Tembea navyo miezi kadhaa. Mbio zije baadaye, za dakika chache, mwishoni mwa mazoezi ya kawaida na kwenye nyasi au udongo.

Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia kwenye nyayo asivae hivi bila daktari wake kujua. Faida kubwa ya viatu hivi ni kuhisi chini, na yeye hahisi msumari mpaka kidonda kimeoza.


PekuWaKawe

Nimefurahi umeingia daktari. Wanaonunua kwa matumaini ya kuponywa wakumbuke pia kwamba Vibram yenyewe ilishtakiwa Marekani mwaka 2012 kwa kutangaza kwamba FiveFingers huimarisha misuli na kupunguza majeraha bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 2014 ikakubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Mimi navaa kwa sababu vinanikaa vizuri na napenda ninavyohisi ardhi. Hiyo ni sababu tosha ya kuvaa kiatu, hakihitaji kuwa dawa.


MzeeWaKatambuga

Vijana, mimi nawasoma nashangaa. Mnatafuta kiatu bapa, kipana mbele, kisicho na kisigino, vidole viwe huru. Si katambuga hiyo, ndala ya tairi? Wamasai wanatembea nayo kutoka Longido mpaka Namanga na kurudi. Nenda soko lolote Arusha, fundi anakukatia tairi mbele ya macho yako kwa kufuata mguu wako. Vipimo vya karatasi na ukuta unavyovieleza, fundi wa katambuga anavijua tangu zamani: anakusimamisha juu ya tairi, anazungusha chaki, anakata.


PekuWaKawe

Mzee shikamoo. Umesema kweli tupu, na kukatiwa kiatu kwa kufuata unyayo wako ni jambo ambalo duka la raba haliwezi. Hata kule Meksiko, Waraamuri wa milima ya Chihuahua, watu wa mbio ndefu kwelikweli, wanavaa kandambili za tairi na kamba za ngozi, na kampuni ya Xero Shoes ya Marekani ilianza mwaka 2009 kwa kuuza vipande vya soli na kamba ili mtu ajitengenezee za namna hiyo.

Kwa kukimbia nina mambo mawili na katambuga ya sokoni. Tairi ni nene na gumu, halinyumbuliki, kwa hiyo unyayo unapiga chini kwa mkupuo mmoja badala ya kujiviringisha. Na ile mikanda inapigiliwa misumari pembeni. Kwa kutembea haina neno, kwa mbio kichwa cha msumari kinatafuta ngozi. Ukimpata fundi akakukatia kwenye tairi lililokwisha, upande uliolika ukawa mwembamba, na mkanda wa nyuma ya kisigino ukawa wa kurekebishika, hapo una kiatu cha kukimbilia kwenye vumbi. Mimi ningeivaa kwa fahari.


MzeeWaKatambuga

Marahaba. Mwambie fundi apitishe mkanda kwenye tundu na kuufunga fundo kwa chini, asipigilie. Wapo wanaofanya hivyo ukiomba. Fundo alizamishe kwenye shimo la tairi lisiguse ardhi.


MwanafunziLeeds

Nawasoma kutoka Uingereza. Nina raba za peku za kampuni ya Vivobarefoot, za kamba, nakimbia nazo kwenye bustani. Raha ipo miezi ya joto. Baridi ikishika, soli hii inapitisha ubaridi wa ardhi kama inavyopitisha joto la lami huko nyumbani, na soksi nene inakula ile nafasi ya vidole. Anayeishi ukanda wa baridi apime mguu akiwa amevaa soksi atakazokimbilia.

Jambo jingine ni namba. Namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, namba moja ya Uingereza ni theluthi ya inchi, kama milimita 8.5. Ukihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kwa jedwali la mtandaoni unaweza kupoteza nusu namba bila kujua. Kwenye raba nene hulioni hilo. Kwenye hizi unaliona siku ya kwanza. Tumieni sentimita za ndani ya kiatu tu.


MzeeWaKatambuga

Kijana wa Leeds vaa soksi usiugue.


KaranjaMbio

Na kuna tahadhari kwa wanaonunua mtandaoni. Kuna duka moja la mtandaoni lilinitumia jozi yenye sanduku na nembo sawa kabisa, lakini mbele ilikuwa nyembamba kuliko ya rafiki yangu ya namba hiyo hiyo, na soli haikunyumbulika. Zilikuwa bandia. Walikataa kurudisha pesa. Sasa kabla ya kulipa namwambia muuzaji anitumie video akikikunja kiatu kwa mkono, na picha ya soli ya ndani ikiwa juu ya rula. Muuzaji mwaminifu hakatai.


PekuWaKawe

Pole sana mkuu. Hiyo ya rula naomba kila mtu aichukue. Bandia huiga rangi na nembo, ila kwa kawaida wanapandisha sura mpya juu ya umbo lile lile jembamba walilonalo kiwandani, kwa hiyo upana ndio unaowaumbua.


MamaJogingi

Nimerudi. Kamba za kitanzi zimefanya kazi, kisigino kimetulia. Nimekuja na vipimo vya binti yangu, anataka za kwake. Kulia sentimita 24.6, kushoto 24.9, upana wa kushoto 9.8. Kidole cha pili ndicho kirefu. Anazitaka za vidole kwa sababu ya sura yake, nyeusi na zambarau. Nimwambieje?


PekuWaKawe

Fuata wa kushoto, dada. Za kamba: 24.9 na sentimita moja ni 25.9, kwa hiyo tafuta kiatu ambacho ndani kina sentimita 26. Kwa hesabu ya Ulaya hiyo ni namba 39, maana 26 gawa kwa theluthi mbili ndiyo 39, ila usikubali namba, kubali rula. Upana wa soli ya ndani usipungue 9.8, akiukosa upande wa kike, nendeni kwa wanaume kama ulivyofanya wewe.

Za vidole, kwa sababu kidole cha pili ni kirefu, asinunue bila kujaribu. Akivaa, asimame, apande ncha za vidole mara kadhaa, kisha wewe umguse uone kama kidole cha pili kinajikunja. Kikijikunja, tafuteni za kamba zenye zambarau, zipo. Kikitulia, achukue, na soksi za vidole anunue siku hiyo hiyo, maana bila soksi zinanuka haraka. Zifuliwe kwa mkono na sabuni ya kawaida, zikaukie kivulini.